Ukuta wa nyumba yako unaweza kubeba ghorofa? Yajue haya kabla ya kumwaga zege

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio kipindi cha asubuhi kikiwa kinakaribia kwisha. Ulitoka kwa msikilizaji wetu wa upande wa Maswa, mwalimu mstaafu. Aliandika hivi: "Mtangazaji, nyumba yangu ya vyumba vinne niliijenga kwa matofali ya inchi 6. Watoto wanataka tuondoe bati, tumwage slabu, tupandishe ghorofa moja. Fundi ameupiga ukuta ngumi mara mbili akasema unabeba. Je, hakuna kipimo kingine zaidi ya ngumi?"

Muda ulikuwa umekwisha, kwa hiyo nilimuahidi kulijibu swali lake kwa maandishi. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, mwalimu, na ni jibu kwa wote mliotuma maswali ya aina hiyo: wa tangi la maji juu ya ukuta wa bafu, wa kuvunja ukuta wa kati ili sebule iwe kubwa, na wa kuongeza chumba cha juu kwa ajili ya mpangaji.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtangazaji, si mhandisi. Nilikwenda kuuliza kwa mhandisi wa majengo na kwa mafundi wawili waliojenga kwa miaka mingi, kisha nikakaa na kalamu nikapiga hesabu. Makala hii haitakufanya uweze kuidhinisha ghorofa mwenyewe. Itakusaidia kuuliza maswali sahihi, na kumkatalia anayepima nyumba kwa ngumi.

Nami nina kidonda changu katika jambo hili. Nyumbani kwa mama tuliwahi kuweka tangi la lita 1,000 juu ya ukuta wa bafu. Tulipanga mbao mbili, tukaweka tangi, tukashangilia maji ya bomba. Mvua za mwaka uliofuata hazijaisha, ufa ukaanza kwenye kona ya dirisha dogo ukashuka hadi chini. Tulilishusha tangi usiku kwa kamba, mama akiwa amesimama nje na shuka. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo sijawahi kuona tangi juu ya ukuta nikapita bila kugeuka.

Ukuta unabeba nini hasa?

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulifikirii. Ukuta wa nyumba ya bati unabeba mzigo mdogo sana. Bati pamoja na mbao za kenchi, kwa nyumba zetu za kawaida, ni kama kilo 20 hadi 30 kwa kila mita moja ya mraba. Upepo mkali ukija, tatizo la nyumba hiyo ni paa kung'oka, kwa sababu ni jepesi.

Slabu ni habari nyingine. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa takriban kilo 2,400. Slabu ya unene wa sentimita 15 ina maana kila mita ya mraba ina kilo 360 za zege peke yake. Ongeza sakafu ya juu na vigae, kama kilo 100. Ongeza watu, vitanda, makabati na magunia ya mpunga. Kwa nyumba ya kuishi wahandisi huhesabu angalau kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Jumla ni kilo 610.

Kwa hiyo ukiondoa bati ukaweka slabu, mzigo wa juu wa kila mita ya mraba umetoka kilo 30 ukafika kilo 610. Ni zaidi ya mara 20. Hapo hujajenga bado kuta za ghorofa.

Tupige hesabu ya nyumba ya mwalimu

Tuchukue ukuta wa kati, ule unaotenganisha vyumba viwili. Tuseme kila chumba kina upana wa mita 4, na ukuta una kimo cha mita 3. Slabu ya chumba cha kushoto inauegemea kwa nusu yake, mita 2, na ya kulia vilevile mita 2. Kwa hiyo kila mita moja ya urefu wa ukuta huo inabeba mita 4 za mraba za slabu.

Sasa fuatana nami taratibu, kwa kila mita moja ya ukuta:

Slabu na vilivyo juu yake: 610 mara 4, sawa na kilo 2,440.

Ukuta mpya wa ghorofa, kimo mita 3: mita moja ya mraba ya ukuta wa inchi 6 pamoja na plasta pande zote mbili ina kama kilo 350, mara 3 ni kilo 1,050.

Paa la bati juu yake: kama kilo 120.

Uzito wa ukuta wa chini wenyewe: kilo 1,050.

Jumla ni kilo 4,660. Tani nne na nusu na zaidi, zinazofika chini ya kila mita moja ya ukuta.

Kabla ya ghorofa, mita hiyohiyo ilikuwa inabeba uzito wake wenyewe na bati tu, yaani kilo 1,170. Kwa maneno mengine, ukuta uleule unaombwa kubeba karibu mara nne ya mzigo uliouzoea. Ndiyo maana mtu akikwambia "ukuta huu umesimama miaka kumi na tano haujatikisika," jibu lake ni kwamba umesimama miaka kumi na tano ukibeba robo tu ya mzigo unaotaka kuutwisha sasa.

Je, tofali lina nguvu kiasi gani?

Nguvu ya tofali hupimwa kwa kulikandamiza kwenye mashine mpaka livunjike. Tofali zuri la kubebea mzigo mara nyingi linatakiwa kufikia kile wahandisi wanachokiita niutoni 3.5 kwa milimita ya mraba. Kwa lugha ya sokoni ni kama kilo 35 kwa kila sentimita moja ya mraba. Tofali la inchi 6 lenye urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 15 lina sentimita za mraba 675 upande unaobeba. Kwa hiyo mashine inapaswa kulikandamiza kwa karibu tani 24 ndipo livunjike.

Hapo wengi watasema: kama tofali moja linabeba tani 24, na mita nzima ya ukuta inapewa tani 4.7 tu, kuna tatizo gani?

Nami niliuliza hivyohivyo. Mhandisi akaniambia nisichanganye tofali na ukuta. Mambo manne huipunguza nguvu hiyo.

La kwanza ni mota, ule udongo wa saruji na mchanga unaounganisha matofali. Mota ni dhaifu kuliko tofali, na tabaka lake halilingani kila mahali. Kwa tofali la kilo 35, ukuta wenyewe unahesabiwa kuwa na nguvu ya kama kilo 28 kwa sentimita ya mraba.

La pili ni akiba ya usalama. Matofali hayafanani hata yakitoka kwenye rundo moja, na mafundi hawafanani pia. Kwa kazi ya kawaida isiyosimamiwa kwa karibu, wahandisi huigawa nguvu ya ukuta kwa 3.5. Ile 28 inabaki 8.

La tatu ni wembamba wa ukuta. Chukua fito fupi uisimamishe uikandamize kwa kiganja, inavumilia. Chukua fito ndefu ya unene uleule, inapinda katikati na kukatika. Ukuta nao uko hivyohivyo. Gawa kimo kwa unene: mita 3 kwa sentimita 15 unapata 20. Kanuni za uhandisi huweka ukomo wa 27. Ukuta wa inchi 5 wenye kimo cha mita 3 unafika 24. Ukuta wa pembe tatu unaopanda hadi kwenye kilele cha paa, mita 5 kwa sentimita 15, unafika 33, na huo bila kushikiliwa na nguzo au ukuta mwingine tayari umepita mpaka.

La nne ni mzigo kukaa pembeni. Slabu ya upande mmoja inausukuma ukuta ukingoni, wala haikai katikati kabisa. Mambo haya mawili ya mwisho kwa pamoja yanaweza kupunguza nguvu kwa asilimia 30 hadi 50. Ile 8 inabaki kati ya 4 na 5.6.

Sasa turudi kwenye mzigo. Kilo 4,660 ukizigawa kwa eneo la mita moja ya ukuta, sentimita za mraba 1,500, unapata kilo 3.1 kwa sentimita. Nao mzigo huongezewa akiba, karibu nusu yake juu, kwa sababu siku ya msiba au harusi watu wanajaa juu kuliko kawaida. Unapata kama 4.7.

Linganisha: ukuta unabeba kati ya 4 na 5.6, mzigo ni 4.7. Kwa matofali mazuri kabisa, yaliyojengwa vizuri, ukuta wa inchi 6 unabeba slabu moja na chumba cha juu kwa kubanana. Unahitaji mtu wa kupiga hesabu kwa makini.

Tatizo liko kwenye mfuko wa saruji

Hesabu yote hiyo ilikuwa ya tofali la kilo 35. Je, tofali lako ni la kilo 35?

Twende kwenye kalibu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Tofali la inchi 6 lina ujazo wa kama lita 15 zikiwa zimeshindiliwa. Mchanganyo unaopendekezwa na wengi ni sehemu moja ya saruji kwa sehemu 6 hadi 8 za mchanga. Ukiufuata huo, mfuko mmoja unatoa matofali 12 hadi 16 hivi ya inchi 6.

Sasa kumbuka uliambiwa nini siku ulipoagiza matofali yako. "Bosi, mfuko mmoja natoa matofali 30." Mwingine anajisifu anatoa 50. Matofali 30 kwa mfuko ni mchanga wa karibu sehemu 17 kwa moja ya saruji. Matofali 50 ni zaidi ya sehemu 20. Hapo saruji imekuwa kama chumvi kwenye mboga.

Fyatuaji naye hana kosa peke yake. Sisi wenyewe tunamuuliza, "Mfuko unatoa mangapi?" na tunamchagua anayetaja namba kubwa. Ongeza na jua letu. Tofali linatakiwa limwagiwe maji siku saba mfululizo, na zaidi ni bora, ndipo saruji ikomae. Likianikwa juani siku ya kwanza na kupakiwa kwenye tolori siku ya tatu, saruji ile kidogo nayo haikumaliza kazi yake.

Tuseme tofali lina nguvu ya kilo 10 badala ya 35. Kila kitu katika hesabu yetu kinagawanywa kwa 3.5. Ukuta uliokuwa unaruhusiwa kubeba 4 hadi 5.6 sasa unaruhusiwa 1.1 hadi 1.6 tu, na mzigo ni 4.7.

Je, utaanguka siku ya kumwaga zege? Huenda usianguke, na hapo ndipo penye hatari. Ukiondoa akiba zote, ukuta huo dhaifu bado una nguvu halisi ya kilo 4 hadi 5.6 kwa sentimita, na mzigo halisi ni 3.1. Utasimama. Familia itahamia juu, sherehe itafanyika, fundi atasifiwa. Lakini akiba imekwisha yote. Inabaki kusubiri kitu kimoja: msingi kutitia kidogo, mtu kutoboa dirisha jipya, maji ya bafu kuloanisha ukuta kwa miaka miwili, au ardhi kutikisika.

Vipimo unavyoweza kufanya mwenyewe

Vipimo hivi vina sheria moja. Vinaweza kukuambia "hapana", lakini haviwezi kukuambia "ndiyo". Tofali likishindwa hapa, achana na mpango. Likifaulu, bado unahitaji mhandisi.

Msumari. Mahali ambapo hakuna plasta, kwaruza tofali kwa msumari wa inchi 4. Tofali zuri linaacha mstari mweupe tu. Likichimbika na kumwaga mchanga, ni dhaifu. Fanya hivyohivyo kwenye mota.

Sauti. Ligonge kwa nyundo ndogo. Tofali gumu linalia kwa sauti kali. Dhaifu linatoa sauti nzito kama ya debe lililojaa udongo.

Kuangusha. Kama umebakiwa na matofali ya rundo lilelile, inua moja hadi kiunoni uliachie kwenye ardhi ngumu. Kuvunjika kona si ajabu. Likisambaratika na kuwa mchanga, umepata jibu.

Timazi. Ning'iniza timazi kutoka juu ya ukuta, pima nafasi kati ya uzi na ukuta juu na chini. Kwa kimo cha ghorofa moja, viwango vya ujenzi huvumilia kama milimita 20. Ukuta uliolala zaidi ya hapo unausukuma mzigo pembeni, na tumeona mzigo wa pembeni unafanya nini.

Kozi. Angalia kama viungio vya wima vimepishana, yaani tofali la juu limekalia katikati ya mawili ya chini. Viungio vikipangana mstari mmoja kutoka chini hadi juu, hizo ni nguzo nyembamba zilizosimama karibukaribu, si ukuta.

Kipimo cha kweli ni cha maabara. Kwa nyumba inayojengwa sasa, chukua matofali kadhaa bila kuchagua mazuri, yakiwa na umri wa siku 28, yapelekwe maabara ya vifaa vya ujenzi yakakandamizwe. Karatasi ya majibu ikiandika kilonyutoni 236 kwa tofali la sentimita 45 kwa 15, hilo ndilo tofali la 3.5. Ikiandika 67, ni tofali la 1. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, mhandisi huchagua sehemu salama na kutoa sampuli. Usibomoe ukuta mwenyewe kutafuta sampuli.

Madirisha yanaiba ukuta

Tumezungumzia ukuta mzima, lakini ukuta wa mbele una matundu. Chukua ukuta wa mita 6 wenye madirisha mawili ya mita 1.5 na mlango wa sentimita 90. Ukitoa matundu, zinabaki mita 2.1 tu za ukuta. Mzigo wote wa juu wa mita 6 unapita kwenye vipande hivyo. Kila kipande kinabeba karibu mara tatu ya ulichokihesabu. Tunapenda madirisha makubwa siku hizi, na mara nyingi kati ya dirisha na dirisha panabaki kipande cha tofali moja. Kipande hicho ndicho cha kwanza kupasuka.

Hapo ndipo linta inapoingia. Linta yenye nondo inayozunguka nyumba nzima juu ya madirisha inasambaza mzigo na kuzifunga kuta zote pamoja kama mkanda. Nyumba nyingi zina linta juu ya dirisha tu, vipandevipande, na nyingine zina mbao. Tetemeko la Septemba 10, 2016 kule Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha na kupasua nyumba nyingi za Bukoba na vijiji vyake. Ukuta wa tofali unavumilia kukandamizwa kutoka juu, lakini ni mnyonge sana ukisukumwa ubavuni. Kuta zilizofungwa pamoja hushikana. Zisizofungwa, kila moja huanguka kivyake.

Chini ya ukuta kuna nini?

Wenzangu wa Usukumani mnaufahamu udongo wa mbuga, ule mweusi. Kiangazi unapasuka hadi mguu wa mbuzi unazama. Masika unavimba na kunata. Nyumba iliyojengwa juu yake inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka.

Tuendelee na hesabu yetu. Tuseme msingi una upana wa sentimita 60. Kabla ya ghorofa, udongo ulikuwa unakandamizwa kwa kama tani 2 kwa mita ya mraba. Baada ya ghorofa ni karibu tani 7.8, kabla hatujahesabu uzito wa msingi wenyewe. Udongo wa mfinyanzi uliolainika kwa kawaida haufai kubebeshwa zaidi ya tani 7.5 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo hata ukuta ungekuwa wa chuma, msingi ungetitia. Ardhi ya changarawe au mwamba ni jambo jingine. Ndiyo maana mhandisi atakuomba shimo lichimbwe kando ya msingi, aone kina chake, upana wake na udongo unaoukalia. Akija bila kuuliza habari ya msingi, muulize wewe.

Soma nyufa zako

Nyumba husema kabla ya kuanguka, tatizo ni kwamba tunaiziba mdomo kwa plasta.

Nyufa nyembamba kama utando wa buibui kwenye plasta mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka. Hizo si za kukimbiza usingizi.

Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungio vya matofali kutoka kona ya dirisha, unasema msingi umetitia upande mmoja.

Nyufa za wima chini ya boriti, chini ya mguu wa tangi, au kwenye kipande chembamba kati ya madirisha, zinasema mzigo umezidi. Tofali linapasuliwa.

Ufa wa mlalo katikati ya kimo, na ukuta umetokeza tumbo, unasema ukuta unapinda. Huu usiusubiri. Toa watu, kisha uite mtaalamu.

Kwa ufa usioujua, paka kijibandiko cha plasta ngumu juu yake, andika tarehe kwa penseli. Kikipasuka baada ya wiki chache, ufa bado unatembea. Pima upana wake kila mwezi, uandike kwenye daftari. Daftari hilo litamsaidia mhandisi kuliko maelezo ya "ulikuwepo tangu zamani".

Vipi kuhusu tangi?

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 2,000 ni tani 2, na likikalia fremu yenye miguu minne, kila mguu unachoma ukuta kwa nusu tani mahali padogo kama kiganja. La lita 5,000 ni tani 5, uzito wa lori dogo. Lijengee mnara wake, wenye msingi wake na nguzo za nondo, kando ya nyumba. Kama ni tangi dogo na lazima likae ukutani, mzigo usambazwe kwa boriti ya zege inayovuka kuta mbili, na mtaalamu akubali kwanza.

Na wale wa kuvunja ukuta wa kati, kumbukeni hesabu ya juu. Kwenye nyumba yenye slabu, ukuta wa kati unabeba zaidi ya wa nje, kwa sababu unapokea pande mbili. Kuuvunja bila boriti ni kuondoa jiwe la katikati kwenye mafiga.

Basi nifanye nini?

Kupandisha ghorofa kunahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, pamoja na michoro. Anzia hapo, idara ya ujenzi ya halmashauri ina wahandisi. Ukitafuta mhandisi binafsi, awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na usione haya kumuomba akuonyeshe usajili wake. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu wakafa chini ya vifusi mchana kweupe. Jengo lile lilikuwa kubwa kuliko nyumba zetu, lakini zege halina huruma kwa nyumba ndogo. Slabu ya chumba kimoja cha mita 4 kwa 4 ina karibu tani 6 za zege. Hakuna kitanda kinachoizuia.

Ukiambiwa ukuta haubebi, mpango haujafa. Njia inayotumika sana ni kusimamisha nguzo za zege zenye nondo, kila moja na msingi wake, zikaunganishwa kwa boriti ambazo ndizo zitakazobeba slabu. Kuta za zamani zinabaki za kugawa vyumba tu. Ni gharama, lakini ghorofa linakuwa limesimama kwa miguu yake. Njia ya pili, kama kiwanja kinaruhusu, ni kujenga kando. Mara nyingi ni nafuu kuliko kuiimarisha nyumba ya zamani.

Kabla sijamaliza makala hii nilimpigia mwalimu. Alikuwa amekwisha kukwaruza ukuta wake kwa msumari, sehemu ya stoo isiyo na plasta. "Mtangazaji," akaniambia, "umeingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha." Alinyamaza kidogo, kisha akasema amewaita watoto waje Jumamosi na kila mmoja ashike msumari mwenyewe, maana yeye wakimwona anakataa wanadhani ni uzee. Wanafikiria sasa kujenga vyumba viwili vya chini upande wa mwembe. Nikamuuliza, matofali utaagiza wapi? Akacheka. "Safari hii sitauliza mfuko unatoa mangapi," akasema. "Nitasimama pale pale kwenye kalibu nihesabu."

Nawe msikilizaji, kabla ya kulala leo, chukua tochi ya simu uzunguke nyumba yako. Tazama kona za madirisha, tazama chini ya tangi, tazama ule ufa uliouzoea. Ukiona usichokielewa, tutumie ujumbe kama alivyofanya mwalimu, tutauliza kwa wanaojua na kukujibu hewani.